MBWA ATIKISAYE KICHWA: Somo Juu ya Maradhi ya Masikio

Ukimwona mbwa wako akitikisa kichwa mara kwa mara kana kwamba ametoka majini, hali hakuna maji. Au ukimwona akisugua upande mmoja wa uso wake chini, au akijikuna nyuma ya sikio hata akalia mwenyewe kwa uchungu, usiseme kwamba anacheza, wala usiseme ndiyo tabia yake. Mbwa huyo anakueleza kwa lugha aliyo nayo kwamba sikio lamwuma. Katika maradhi yampatayo mbwa ni machache yanayopuuzwa kama haya, maana hayamwui upesi. Huendelea kula, huendelea kubweka, na mwenyewe haoni haja ya kutoa fedha. Halafu siku moja mtoto wa nyumbani amshika kichwa kwa mapenzi, naye amwuma.

Ndugu msomaji, ifikiri kwanza kazi ya sikio hilo. Mwanadamu aliye kijana na mwenye afya husikia sauti yenye mitikisiko 20,000 hivi kwa sekunde moja, na zaidi ya hapo hasikii kitu. Mbwa husikia hata sauti ya mitikisiko 45,000 hivi. Ndiyo maana usiku huinua kichwa na kunguruma wakati wewe bado waona dunia yote imenyamaza. Mwenye mbuzi na kuku aijua faida ya jambo hili, na mwenye duka mjini aijua vilevile. Mbwa ambaye masikio yake yamezibwa na usaha ni kama mlinzi aliyelala: hula chakula kile kile, lakini mwizi hupita mbele yake.

Sikio la mbwa halikuumbwa sawasawa na letu. Kwetu sisi tundu la sikio laingia ndani karibu moja kwa moja, tena ni fupi. Kwa mbwa njia hiyo yateremka kwanza kuelekea chini, kisha yapiga kona na kuingia ndani ya kichwa, mfano wa bomba la maji lililopindwa. Mwisho wa njia pana ngozi nyembamba sana iliyowambwa kama ngoma, nayo huitwa kiwambo cha sikio. Nyuma ya kiwambo pana chumba kidogo chenye vifupa vya kusikia, na ndani zaidi kuna kiungo kimwezeshacho mbwa kusikia na pia kusimama sawasawa bila kuyumba. Basi kutokana na umbo hilo, kitu chochote kilichoingia, kama maji, taka, mdudu au mbegu ya nyasi, hakitoki kwa urahisi, maana ni lazima kipande juu ndipo kitoke. Tena wewe ukichungulia kutoka nje waona sehemu ya juu tu. Kona yakuzuia usiyaone yaliyo chini. Hata daktari wa mifugo hutumia chombo chenye taa na mdomo mwembamba ili akione kiwambo. Likumbuke sana jambo hili la kona na kiwambo, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwenye sababu, kwa kuwa maradhi ya sikio si ugonjwa mmoja. Watu husema tu “sikio limeoza,” wakatafuta dawa ya kuoza, na hapo ndipo makosa yaanzapo.

Wako utitiri wa masikio. Hawa ni wadudu wadogo mno, weupe. Ukiutoa uchafu kidogo wa sikio ukauweka juu ya karatasi nyeusi karibu na taa, na macho yako yakiwa mazuri, waweza kuwaona kama nukta nyeupe zinazotembea. Huwapata hasa watoto wa mbwa, na paka pia. Alama yao ni uchafu mkavu, mweusi, mfano wa mashapo ya kahawa, pamoja na kuwashwa kusiko na kiasi. Tangu yai hata mdudu mzima ni muda wa majuma matatu hivi. Kwa hiyo mtu atiaye dawa ya kawaida kwa siku mbili tatu, akaona mnyama amepata nafuu, akaacha, huyo amewaua wazima na kuyaacha mayai. Baada ya majuma machache atashangaa ugonjwa umerudi, naye atasema dawa ilikuwa mbovu. Tena utitiri hupita kutoka mnyama mmoja hata mwingine kwa kulala pamoja. Ukimtibu mbwa ukamwacha paka alalaye naye jikoni, umefanya kazi bure. Wote watibiwe kwa wakati mmoja. Lakini kila mnyama apewe dawa iliyo yake, maana baadhi ya dawa za kuua wadudu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, hasa zenye pamethrini, humwua paka.

Wako pia kupe. Hawa kila mfugaji awajua, lakini si kila mfugaji akumbukaye kukunjua sikio la mbwa na kutazama ndani ya mikunjo yake, ambamo kupe hupenda kujificha. Mng’oe kwa kibano, ukimshika karibu na ngozi na kumvuta polepole bila kumpinda. Usimchome kwa sigara, wala usimpake mafuta ya taa. Kupe aliyezama chini ya kona, mwachie daktari.

Mvua zikiisha na nyasi zikikauka, huja adui mwingine. Ziko mbegu za nyasi zenye ncha kali na nywele zilizoelekea upande mmoja, kama mshale wenye vijembe: huenda mbele tu, hazirudi nyuma. Mbwa aliyetoka asubuhi mzima pamoja na wachungaji, akarudi jioni akitikisa kichwa kwa nguvu na kukilaza upande mmoja, yafaa kudhani kwamba mbegu ya namna hiyo imemwingia. Kila anapotikisa ndipo izidipo kushuka, nayo yaweza kutoboa kiwambo. Kama yaonekana mdomoni mwa tundu, ivute taratibu. Kama haionekani usiifuate kwa kijiti. Mpeleke mbwa kwa daktari siku hiyo hiyo au kesho yake.

Mbali na hayo, ndani ya sikio lenye afya mna vijidudu vichache visivyoonekana kwa macho, yaani bakteria, na kuvu wa jamii ya hamira. Havina madhara maadamu sikio ni kavu. Lakini sikio likipata joto na unyevu, au ngozi yake ikiwa imechubuka kwa kukunwa, huongezeka kwa wingi. Kuvu huleta nta ya rangi ya kahawia yenye mafuta na harufu ya uchachu. Bakteria mara nyingi huleta usaha wa manjano au wa kijani, wenye uvundo, na maumivu makali. Hata hivyo haifai kuamini pua peke yake. Daktari huchukua uchafu kidogo kwa pamba, huupaka juu ya kioo na kuutazama kwa hadubini, kwa sababu dawa iuayo bakteria haimwui kuvu, na ile ya kuvu haiwezi bakteria. Hapa mbwa wetu wa kienyeji, ambaye wengi humdharau, ana bahati. Masikio yake yamesimama, nayo hupata upepo na jua. Wanaosumbuka zaidi ni wale wenye masikio mapana yaliyolala, kama jamii ya spanieli na labrado, ambao siku hizi wamekuwa wengi mijini. Anunuaye mbwa wa namna hiyo ajue kwamba amenunua pia kazi ya kumtazama masikio kila juma.

Na iwapo ugonjwa wapona na kurudi, wapona na kurudi, hasa katika masikio yote mawili, basi mara nyingi chanzo hakimo sikioni hata kidogo. Ngozi ya mbwa huyo ina mzio: yachukia mate ya viroboto, au vumbi, au chavua, au chakula fulani. Mtazame kama hujilamba nyayo na kujikuna tumbo. Huyo hutaweza kumponya kwa matone ya sikioni tu, hata ukitumia chupa kumi. Ni lazima ushauriane na daktari juu ya ngozi yake, viroboto wake na chakula chake.

Nimesema kwamba tutarudi kwenye kona na kiwambo. Nilipokuwa mwanafunzi, baba yangu mdogo alikuwa na mbwa aitwaye Simba, mwekundu, mwenye kifua kipana, ambaye hapana mgeni aliyethubutu kuingia bomani usiku bila kuita kwanza. Sikio la Simba lilianza kunuka. Jirani mmoja alimshauri baba mdogo achanganye oili chafu ya gari na mafuta ya taa, na sisi vijana tukaambiwa tumshike. Tulimshika. Alipomiminiwa alipiga kelele nisiyoisahau, akatuponyoka, akakimbilia katika mahindi. Siku mbili hakula. Alikuwa akitembea kwa kuzunguka, na alipojaribu kuruka mfereji alianguka. Baadaye harufu ilikoma, na baba mdogo alifurahi sana. Mimi nikamwambia, “Baba, huyu hasikii tena. Nimemwita kutoka nyuma, hakugeuka.” Akanijibu, “Anasikia, mwanangu, ni kiburi tu.” Mwezi haukuisha, Simba akagongwa na lori barabarani mchana kweupe. Dereva alipiga honi mbali, nasi tuliisikia tulipokuwa mtoni.

Simlaumu mzee, maana alitaka kumsaidia mbwa wake, na oili ilikuwako nyumbani bure. Ila sasa naelewa lililotokea. Sikio lililougua kwa muda mrefu huweza kuwa limekwisha toboka kiwambo, na mwenye nyumba hawezi kujua, kwa sababu ya ile kona. Kitu ukimiminacho hakiishii katika njia ya nje. Hupita tundu hilo, hufika katika chumba cha kati, na huenda mpaka penye kiungo cha kusikia na cha kusimama wima. Kwa hiyo usitie sikioni oili, mafuta ya taa, maji ya betri, spiriti, tumbaku, pilipili wala dawa ya josho. Wala usidhani kwamba hatari ni ya vitu vya gereji peke yake. Dawa halali za hospitali, kama gentamisini na neomisini, ambazo zimo katika matone mengi yauzwayo madukani, zaweza kumfanya mbwa kiziwi zikipita kiwambo kilichotoboka. Chupa aliyopewa mtoto wako kwa sikio lake isipelekwe kwa mbwa, na chupa iliyomponya mbwa wa jirani isiazimwe.

Lipi basi mtu aweza kufanya nyumbani? Aweza kutazama, kunusa na kupangusa. Chemsha maji nusu lita, utie chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, uyaache yapoe hata yawe vuguvugu. Chovya pamba safi, uikamue, uizungushe kwenye kidole chako, upanguse ndani ya jani la sikio na mdomo wa tundu, mahali kidole chenyewe kinapofika, wala si zaidi. Kisha kausha kwa pamba nyingine. Usitumie njiti ya kiberiti wala vile vijiti vyenye pamba, kwa maana huusukuma uchafu chini ya kona na kuushindilia huko. Mbwa akikataa kwa sababu ya maumivu, acha. Maumivu hayo yenyewe yatosha kukuonyesha kwamba kazi hii imepita uwezo wako.

Daktari akikwisha kulitazama sikio na kuona kiwambo ni kizima, aweza kukupa maji ya kuoshea na dawa ya matone. Namna ya kuosha ni hii. Pasha chupa joto mikononi mwako, maana maji baridi humshtua mbwa na kumfanya aione kazi hiyo kuwa adhabu. Shika jani la sikio ulivute juu kidogo, ujaze tundu maji hayo, kisha ukande chini ya sikio kwa vidole kwa muda wa nusu dakika hivi, mpaka usikie mlio wa maji yakichezacheza ndani. Mwachilie atikise kichwa, wewe ukisimama mbali na nguo zako za kanisani. Kutikisa huko ndiko kuupandishao uchafu kutoka chini. Wewe kazi yako ni kupangusa ulioletwa juu. Baada ya sikio kukauka ndipo utie matone, kwa sababu dawa iliyotiwa juu ya usaha haifiki kwenye ngozi. Endelea kwa siku zote ulizoagizwa, hata kama siku ya nne mbwa aonekana amepona, kisha umrudishe atazamwe. Wengi hawarudi. Hao ndio tunaowakuta baada ya miaka miwili njia ya sikio la mbwa wao imekwisha vimba na kuwa ngumu kama mfupa, na dawa iliyobaki ni kisu.

Kuna mambo mengine mawili ya jani la sikio, nayo hayafanani na hayo. Mbwa atikisaye sana huweza kupasua mishipa midogo ya damu ndani ya jani hilo, na mara moja likavimba laini kama mfuko uliojaa maji. Usilitoboe kwa sindano. Damu itajaa tena, na uchafu utaingia. Daktari huitoa damu na mara nyingi hushona jani hilo ili lisijae tena, lakini yeye naye atafuta kwanza kilichomfanya mbwa atikise. La pili ni nzi wa zizini waumao, ambao hupenda ncha za masikio yaliyosimama, hasa ya mbwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa. Ncha hufanya magaga na kutoka damu, na nzi wengine hutaga humo, kukatokea mabuu. Osha vidonda, omba dawa ya kupaka, uondoe samadi karibu na kibanda chake, tena umfungue.

Mbwa akilaza kichwa upande mmoja bila kukirudisha, akazunguka, akaanguka, au macho yake yakawa yakichezacheza, basi ugonjwa umefika ndani kabisa. Huyo asingoje siku ya soko.

Lakini hapa yatupasa kuwa na hadhari kubwa. Mbwa aumwaye sikio hubadilika tabia. Hujificha, hunguruma, na akiguswa kichwa huuma. Mbwa mwenye kichaa naye hubadilika tabia. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika nchi yetu mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, na bado kipo. Mwaka 2014 Serikali iliweka mpango wa kukikomesha kisiue watu ifikapo mwaka 2030. Mbwa anayedondokwa na mate mengi, au sauti yake imebadilika, au taya lake limelegea asiweze kumeza, au anayeuma vitu ovyo, huyo usimshike sikio wala usimtie mkono kinywani kumtafutia mfupa uliomkwama. Mfungie mahali kama waweza kufanya hivyo bila kumgusa, na upeleke habari kwa ofisi ya mifugo.

Na yeyote aliyeumwa, hata kama wewe wajua kwa hakika kwamba mbwa ana kidonda cha sikio tu, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa mwenyewe asiuawe upesi. Afungwe na kutazamwa siku 10. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na kichaa katika mate yake siku aliyouma. Ila mtu asingoje siku 10 ziishe ndipo aende kwa daktari, kwa kuwa kichaa kikikwisha kuonyesha dalili kwa mwanadamu karibu hakuna aponaye. Haya yote ni mepesi zaidi kwa mwenye mbwa aliyechanjwa na mwenye cheti chake mkononi.

Kwa habari ya mahali pa kwenda, uliza ofisi ya mifugo ya kaunti yako. Walio karibu na Nairobi waweza kwenda Kabete, penye kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Sheria ya mwaka 2011 yataka kila daktari wa mifugo awe ameandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na si utovu wa adabu kumwomba akuonyeshe cheti. Mweleze ugonjwa ulianza lini, ni sikio moja au yote mawili, umetia nini hata sasa (mweleze kweli, hata kama ni oili), na kama kuna paka nyumbani.

Mwenye mtoto wa mbwa aanze mapema. Kila jioni, akiisha kumpa chakula, amkunjue masikio, ayanuse, amguse kwa kidole mdomo wa tundu, kisha amwachilie. Sikio zima halina harufu, na ngozi yake ya ndani ni nyepesi, ya rangi moja. Baada ya majuma machache mtoto huyo atakuwa akilaza kichwa mwenyewe juu ya goti lako akingoja atazamwe.